Bangi ya Jana Siyo Bangi ya Leo

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Athi River, na leo nataka tuzungumze kuhusu bangi. Usiondoke, hatutaanza kwa kukemea vijana. Tutaanza na historia ya mmea wenyewe, kwa sababu mlezi akiijua historia hiyo ataelewa kwa nini watoto wetu wako katika hatari ambayo babu zetu hawakuwa nayo.

Kuna maneno ambayo sisi wauguzi huyasikia mara kwa mara. "Babu yangu alivuta bangi na akafika miaka tisini." "Hayo ni majani tu, Mungu ndiye aliyeyaotesha." "Alikula kipande cha keki tu, hakuvuta." Maneno haya yote yana kosa moja. Yanachukulia kwamba bangi ni kitu kimoja, tangu enzi za mababu hadi leo. Sivyo. Katika miaka 60 iliyopita binadamu ameubadilisha mmea huu jinsi alivyobadilisha mahindi na ng'ombe wa maziwa. Hebu tufuatane hatua kwa hatua.

Mmea uliokuja kwa jahazi

Bangi haikuanzia Afrika. Asili yake ni bara la Asia. Hata jina lenyewe ni ushahidi: neno "bangi" lina mzizi wake katika lugha za India, ambako watu huliita "bhang". Lilifika pwani yetu kwa biashara ya Bahari ya Hindi, pamoja na vitambaa, shanga na viungo vya pilau. Mmisionari Mreno aliyeitwa João dos Santos, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1609, aliandika kwamba watu wa pwani ya kusini mashariki mwa Afrika walikuwa na mmea waliouita "bangue". Huko Ethiopia, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata viko vya karne ya 14 vyenye mabaki yaliyoonyesha dalili za bangi. Kwa hivyo mmea huu umekaa nasi muda mrefu.

Kutoka pwani ulifuata njia za misafara hadi bara. Katika eneo la Kasai, ambalo leo limo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, msafiri Mjerumani Hermann von Wissmann alifika mwaka 1881 na kuwakuta watu wa chifu Kalamba Mukenge wakijiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi. Walikutana na kuvuta pamoja kwa buyu lililotiwa maji, na ilikuwa ni ishara ya amani na urafiki kati yao.

Angalia basi jinsi bangi ya zamani ilivyotumika. Ilikuwa mmea wa shambani, uliojiotea kwa jua na mvua, umejaa mbegu. Ilivutwa na watu wazima, mara nyingi katika kikao chenye desturi zake. Sisemi kwamba haikumdhuru mtu. Ililevya, na wako walioumwa nayo. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu aliyeipika ndani ya biskuti ya chokoleti na kuiacha juu ya meza ambapo mtoto wa miaka mitatu anaifikia.

Sheria ilivyoingia

Mwaka 1925, katika mkutano wa kimataifa mjini Geneva, mataifa yaliiweka bangi katika orodha ya dawa za kulevya za kudhibitiwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 uliimarisha jambo hilo. Hapa Kenya, sheria kuu ni ile ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 1994, inayokataza kulima, kuuza, kusafirisha na hata kuwa na bangi.

Huenda ulisikia kwamba Umoja wa Mataifa "uliruhusu bangi". Ukweli ni huu: Desemba 2020, tume yake ya dawa za kulevya ilipiga kura, 27 dhidi ya 25, kuiondoa bangi katika orodha ya dawa hatari zaidi zisizo na faida kubwa ya kitabibu, ili utafiti wa dawa uwe rahisi. Bangi ilibaki katika orodha ya dawa za kudhibitiwa, na kura hiyo haikubadilisha sheria ya Kenya.

Lakini sheria haikuuondoa mmea. Mwaka 1999, uchunguzi uliofanywa kwa ndege juu ya Mlima Kenya ulionyesha mashamba ya bangi katikati ya msitu. Nyingine huingia kutoka nchi jirani. Vijana wakisema "shash", wanafupisha Shashamane, mji wa kusini mwa Ethiopia. Na sisi wa Athi River tunaishi penye njia panda: barabara ya Mombasa hupita hapa, na ya Namanga huanzia hapa. Mizigo ya kila aina hupita karibu na milango yetu. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mtu 1 kati ya kila Wakenya 53 wa umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia bangi. Kwa hivyo tusidhani ni jambo la mbali.

Mwaka 1964: ugunduzi mmoja, na mahindi ya Kitale

Sasa tufike penye kiini cha historia yetu. Kwa karne nyingi watu walijua bangi inalevya, lakini hawakujua ni kitu gani ndani yake kinacholevya. Mwaka 1964, wanasayansi wawili wa Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, walikitenga kitu hicho na kueleza umbo lake. Jina lake ni refu, tetrahaidrokanabinoli, basi sote tuliite THC. Kuna kemikali nyingine katika mmea huo iitwayo kanabidioli, au CBD. Hiyo hailevyi kama THC. Yashike majina hayo mawili, maana tutayarudia.

Mwaka huohuo wa 1964, hapa kwetu Kenya, wataalamu wa Kitale walitoa mbegu ya mahindi iitwayo H611. Waliipata kwa kuchanganya mahindi yaliyokuwa yakilimwa Kenya na mahindi kutoka Ecuador. Watoto wa mchanganyiko huo walizaa kuliko wazazi wao wote wawili. Hayo ndiyo mahindi ya haibridi, au chotara. Mkulima yeyote wa Machakos anaelewa maana yake: unachagua mzazi huyu kwa sifa hii, na yule kwa sifa ile, unawaunganisha, halafu unachagua tena.

Basi wakuzaji wa bangi walifanya hivyohivyo. Wataalamu wa mimea walikuwa wamezigawa bangi kwa majina mawili makuu. Linnaeus wa Sweden aliipa bangi jina la sativa mwaka 1753. Lamarck wa Ufaransa akaiita ile ya India indica mwaka 1785. Kwa wakuzaji wa siku hizi, sativa ni ile ndefu, yenye majani membamba, ya nchi za joto, inayochelewa kukomaa. Indica ni ile fupi, yenye majani mapana, ya milima ya kama Afghanistan, inayokomaa upesi na yenye utomvu mwingi. Kila moja ilikuwa na upungufu machoni pa muuzaji: moja inachelewa sana, nyingine haistawi kila mahali.

Katika miaka ya 1970, huko California nchini Marekani, wakuzaji walichanganya bangi ya Afghanistan na ile ya Mexico na ya Colombia. Chotara iliyotokea iliitwa Skunk, jina la mnyama anayenuka, kwa sababu harufu yake ni kali mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mbegu zake zilifika Uholanzi, na kutoka huko zikasambaa duniani. Chotara nyingi zinazotajwa leo zina damu ya Skunk.

Sifa za chotara hizi ni zipi? Ni fupi, hivyo zinaweza kukuzwa ndani ya nyumba chini ya taa. Hukomaa haraka. Maua yake yamejaa tezi ndogo za utomvu, na humo ndimo THC inamokaa. Tena wakuzaji huiondoa mimea ya kiume yote ili ile ya kike isichavushwe. Mmea wa kike usiopata chavua hauzai mbegu, na badala yake huendelea kutoa maua na utomvu.

Na matokeo? Marekani walikuwa wakipima bangi iliyokamatwa na polisi. Mwaka 1995 wastani wa THC ulikuwa takriban asilimia 4. Kufikia mwaka 2014 ulikuwa takriban asilimia 12. Yaani mara tatu, katika miaka 19 tu. Wakati huohuo CBD ilipungua. Mwaka 1995 THC ilikuwa kama mara 14 ya CBD, na mwaka 2014 ikawa kama mara 80. Mkuzaji alichagua kitu kimoja tu, ulevi, na akakipata.

Jina si kipimo

Sasa kijana wako atakuambia, "Hii ni kush, si bangi ya kawaida." Mwingine atasema, "Hii ni sativa, inachangamsha," au "Hii ni indica, inatuliza." Mama, usibabaishwe na majina hayo.

Kumbuka shamba lako. Ukichukua punje za mahindi ya haibridi uliyovuna na kuzipanda tena msimu ujao, hutapata shamba kama la kwanza. Moja litakuwa refu, jingine fupi, jingine halina kitu. Chotara za bangi ziko vivyo hivyo. Mbegu ikipita mikono mitano, jina linabaki lakini nguvu hubadilika. Hata katika nchi ambako bangi huuzwa dukani, wanasayansi waliopima wamekuta kwamba majina ya indica na sativa hayalingani vyema na kilichomo ndani. Je, itakuwaje kwa ile inayouzwa gizani, bila kipimo wala lebo?

Jina la kush lina funzo jingine. Nchini Sierra Leone, rais alitangaza hali ya hatari Aprili 2024 kwa sababu ya kitu kinachoitwa "kush". Lakini kilipopimwa, kilikutwa na kemikali kali za kutengenezwa, nyingine zikiwa za jamii ya dawa za maumivu zenye nguvu ya kuua. Jina ni lilelile, kitu ni kingine kabisa.

Kutoka moshi hadi biskuti

Badiliko la mwisho katika historia hii ndilo linalonitia hofu zaidi kwa watoto wadogo. Bangi imetoka kwenye msokoto ikaingia kwenye chakula: keki, biskuti, peremende, hata mabuyu. Mtoto hatavuta msokoto, lakini biskuti atakula, tena ataomba nyingine.

Tufanye hesabu. Nchini Kanada, ambako vyakula vya bangi viliruhusiwa mwaka 2019, sheria inasema pakiti nzima isizidi miligramu 10 za THC. Gramu moja tu ya bangi ya chotara yenye asilimia 12 ina miligramu 120. Hiyo ni pakiti 12 za Kanada. Anayepika keki za bangi nyumbani hana mizani ya kupima hayo. Na hata huko Kanada kwenye sheria na lebo, katika jimbo la Ontario, watoto chini ya miaka 10 waliopelekwa hospitali kwa kula bangi waliongezeka kama mara 9 baada ya vyakula hivyo kuingia madukani.

Tena bangi ya kuliwa haiji upesi kama moshi. Huchukua nusu saa hadi saa mbili kabla ya kuonekana, na inaweza kukaa mwilini ikifanya kazi kwa saa 12 au zaidi. Mtoto anakula saa nne asubuhi, anacheza, halafu saa sita anaanza kulegea. Mama yuko zamu EPZ, na mlezi wa watoto anasema, "Amelala tu."

Dalili ni hizi: usingizi mzito usio wa kawaida, kuyumba akitembea, macho mekundu, kutapika, moyo kwenda mbio, au kulia kwa hofu bila sababu. Kwa mtoto mdogo zaidi, kupumua kunaweza kupungua na anaweza kuzirai.

Ukiona hivyo, fanya haya:

1. Mpeleke hospitali mara moja. Usingoje "ilale imuishe".

2. Usimlazimishe kutapika, wala usimpe maziwa, maji ya chumvi wala kahawa. Mtoto aliyelegea anaweza kupaliwa, vitu vikaingia mapafuni.

3. Akiwa amelala, mlaze kwa ubavu na umwangalie anavyopumua.

4. Beba mabaki ya chakula au karatasi yake.

5. Sema ukweli.

Hili la tano ndilo gumu. Mama huogopa polisi, huogopa majirani wa ploti, humwogopa hata mumewe. Lakini hebu fikiria upande wetu sisi wauguzi. Mtoto akiletwa amelegea na hatuambiwi kitu, tunawaza malaria, sukari kushuka, homa ya uti wa mgongo, sumu ya dawa ya wadudu. Tunamtoboa damu, huenda hata akatolewa maji ya uti wa mgongo, na saa zinapita. Neno moja kutoka kwako, "Nadhani alikula keki yenye bangi," linatuonyesha njia. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa THC mwilini. Tunalinda pumzi, tunaangalia sukari, tunampa maji kwa mshipa akihitaji. Watoto wengi wakisaidiwa mapema hupona katika siku moja au mbili.

Kwa wajawazito, wanaonyonyesha na walio na mtoto wa kifafa

THC hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto tumboni, na bangi wakati wa ujauzito inahusishwa na kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Pia huingia katika maziwa ya mama na inaweza kukaa humo kwa siku kadhaa. Ikiwa unatapika kwa sababu ya mimba, njoo kliniki, ziko dawa salama.

Wako pia akina mama wanaoambiwa, "Mpe mtoto wa kifafa mafuta ya bangi, hata Wazungu wanatumia." Hapa historia yetu inatusaidia. Ni kweli mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kifafa kutoka kwa mmea huu, kwa aina chache za kifafa kikali cha watoto. Lakini dawa hiyo ni CBD iliyosafishwa na kupimwa. Chotara za mtaani zilizalishwa ili ziwe na THC nyingi na CBD kidogo sana. Ukimpa mtoto hiyo, unampa ulevi, humpi dawa. Usiache dawa zake za kifafa, na ikiwa hazimsaidii, mrudishe kliniki zibadilishwe.

Na kwa kijana wako

Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa katika maeneo 11 ya Ulaya na Brazil, ulionyesha kwamba watu waliotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tano wa kurukwa na akili, kuliko ambao hawajawahi kuitumia. Si kila anayevuta atapatwa na hayo. Ila huwezi kujua ni mtoto wa nani, hasa ikiwa katika ukoo kuna aliyewahi kuugua akili.

Kwa hivyo kijana akikuambia kwamba babu alivuta akaishi, usibishane naye juu ya babu. Mwambie, "Babu hakuivuta hii." Mweleze habari za mahindi ya Kitale na bangi ya California. Ongea naye akiwa hajalewa, na wewe ukiwa hujakasirika. Muulize anapata wapi, anatumia mara ngapi, na ni jambo gani linalomsumbua. Kumfukuza nyumbani humpeleka kwa wanaomuuzia. Ukiona anajitenga, anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, au anaamini watu wanamwinda, huo ni ugonjwa. Mlete kituo cha afya mapema.

Kabla hatujaagana, fanya jambo moja leo. Uliza mahali unapomwacha mtoto ni nani mwingine anaishi humo na ni vitafunio gani vinaletwa. Mfundishe mtoto asipokee keki wala peremende kwa mtu asiyemjua, na mkubwa asiyapeleke nyumbani mabuyu asiyojua yametoka wapi. Ukihitaji ushauri kuhusu bangi au dawa nyingine za kulevya, piga simu ya NACADA nambari 1192, bila malipo, au mwone mhudumu wa afya wa kijiji chako.

 Mpitishie jirani kijitabu hiki, hasa yule anayelea watoto wa wenzake.